Kwa Mama Misana, Kuhusu Ile Barua

Nyie watu wa Samuye hamna huruma na mzee. Tangu nirudi nimesimulia habari hii kisimani, nimeisimulia gulioni, nimeisimulia nje ya kanisa nikiwa nimesimama na mguu unaniuma, na kila anayekuja anataka niianze upya kwa sababu hakuwepo nilipoianza. Mzee Shija kaisikia mwisho bila mwanzo, sasa anatangaza kwamba nilikwenda Geita kuzika mgomba kwa kuwa uzee umenipanda kichwani. Basi naiandika mara moja tu. Anayeitaka aje asome, au asomewe, na mimi aniache nikae.

Kwa asiyenijua: mimi ni mchungaji mstaafu. Nimehudumia makanisa ya huku Usukuma zaidi ya miaka ishirini, na katikati yake nilikwenda vitani na askari wa keya, jeshi la Waingereza, mpaka Burma. Sikupewa bunduki, nilikuwa padre wao. Niliwahubiria, niliwaombea, niliwazika, na waliokufa niliwaandikia mama zao barua. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka Geita.

Kilichonitoa nyumbani

Bwana Athumani mnamjua, yule mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa wa mjini Shinyanga, baba yake mtu wa pwani na mama yake wa Tabora. Huwa anapeleka mali kwenye migodi ya dhahabu. Siku hiyo alipita kwangu, akala karanga, akasifia kuku wangu ambao hawana la kusifiwa, nikajua ana neno.

"Padre," akasema, "kuna mama mmoja kule Geita hununua chumvi kwangu. Mama Misana. Mwanawe alifia Burma, na barua ya kifo anasema uliandika wewe."

Nikamwambia ndiyo, Misana namkumbuka.

"Basi anakuita. Anasema mwanawe humjia usingizini, anasimama mlangoni amelowa chapachapa, haingii wala haondoki. Waganga wamemwambia mtoto alilazwa vibaya kaburini. Anataka aliyemzika aende amweleze alimlaza ubavu gani, wa kulia au wa kushoto, ili wajue la kufanya. Mama mwenyewe hali yake si nzuri. Amekonda, na anaogopa kufa kabla hajalijua hilo."

Sasa niseme ambalo hata mke wangu, Mama Eliya, hakulijua mpaka siku hiyo. Misana sikumzika. Hakuna aliyemzika. Kikosi kilikuwa kinavuka mto mkubwa kwa mashua za turubai, mvua inanyesha, mashua moja ikapinduka na watu saba. Maji yakawachukua wote, hatukumwona hata mmoja. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa huku, nimejikinga chini ya lori nakunywa chai. Kesho yake nikapewa majina niyaandikie barua, na mkono ukakataa kumwandikia mama wa watu kwamba mwanawe hana kaburi. Nikaandika kwamba tulimzika kwa heshima chini ya mti mkubwa wenye kivuli, na kwamba mimi mwenyewe nilimsomea maneno ya Mungu. Niliona nimefanya wema. Nililala vizuri siku ile, Mungu anisamehe.

Mama Eliya alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. "Kwa hiyo," akasema, "mama wa watu anatafuta ubavu wa mtu ambaye hakulazwa."

"Ndiyo."

"Basi nenda kamwambie." Akainuka kuinjika matobolwa, viazi vikavu vya njiani, na mimi nikabaki pale kwenye kigoda nikitafuta sababu ya kutokwenda. Mguu ulikuwa sababu nzuri, lakini alikuwa ameshaniandalia na dawa ya kuuchua.

Samuye mpaka Tinde

Lori lilikuwa lipite asubuhi. Nilikaa barabarani kuanzia jogoo la pili, nimevaa koti langu la jeshi kwa ajili ya baridi, na kila aliyepita kuelekea shambani alinisalimu, na aliporudi kutoka shambani alinikuta na kunisalimu tena. Kufikia jua la utosi nilikuwa nimechoka kuitikia marahaba. Lori lilikuja kesho yake, alasiri. Dereva hakuomba radhi. Alisema tu, "Mzee, panda, tumechelewa," utadhani mimi ndiye niliyemchelewesha.

Bwana Athumani alikuwa ameniwekea nafasi mbele. Nikaikuta ina mama mjamzito, wa siku zake kabisa, naye akataka kuniachia kwa heshima. Ningekubali, ndugu zangu, nasema kweli, mifupa ilinituma nikubali. Lakini nimewahubiria watu miaka mingi mno. Nikapanda nyuma juu ya magunia ya chumvi, na chumvi ya mawe haina huruma na makalio ya mzee. Athumani naye akaona aibu kukaa mbele, akaja nyuma akanilaumu njia nzima kwa kumponza.

Tinde tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa limepasuka tangu safari iliyopita, na dereva alikuwa anajua. Tukakaa hapo mpaka siku ya pili. Kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja anayepika ugali wa mtama na mlenda, mzuri kweli, nikala mara tatu. Hapo ndipo Athumani alipolitoa lililokuwa kifuani mwake, maana nilikuwa nimeshamwambia ukweli wote tukiwa tumekaa kwenye magunia.

"Padre, mimi si mtu wa dini yako, lakini nisikilize. Sema ubavu wa kulia. Neno moja tu. Mama atalala usingizi, wewe utarudi kwa mkeo, na hakuna aliyedhurika."

"Na kama ni neno moja tu, mbona hulisemi wewe?"

"Mimi sikuandika barua," akanijibu.

Jambo hilo nilikuwa nimelifikiria tangu Samuye, na nililiona tamu. Ubavu wa kulia. Hata nilikuwa nimeshajizoeza namna ya kulisema.

Kahama

Kahama tulikaa siku mbili tukisubiri petroli. Tulifikia kwa shemeji yake Athumani, fundi cherehani, mtu mpole sana mwenye nyumba ndogo na watoto wengi. Jioni ya kwanza wakaleta sinia la wali na maharage ya nazi. Mwenye nyumba, kwa kunistahi, akanyamaza asile mpaka niombee chakula kwa dini yangu. Mimi nami, kwa kumstahi, nikamsubiri aseme bismillahi kwa dini yake. Tukakaa hivyo, mikono kwenye magoti, kila mtu anatabasamu. Watoto wanatazama sinia. Athumani akadhani tumegombana. Mwishowe mdogo wao, wa miaka kama mitatu, akajitumbukiza mkono kwenye wali, na sote tukamshukuru Mungu kwa njia zetu. Wali ulikuwa umeshapoa.

Siku ya pili sikutoka. Mguu ulivimba, nikalazwa ukumbini kwenye mkeka, cherehani inagonga pembeni yangu tangu asubuhi. Fundi aliniuliza naenda Geita kwa shughuli gani. Nikamwambia kumwona mama wa askari wangu mmoja. Akasema, "Allah atakulipa, mzee. Ni wachache wanaokumbuka." Maneno yake yaliniuma kuliko mguu. Niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Mbugani

Kutoka Kahama kuelekea Geita njia inapita misituni, halafu inashuka mbugani, na mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilizama mpaka kwenye ekseli. Dereva alizima injini, akatoa sigara, akasema hapa kunatakiwa ng'ombe.

Nikajitolea kwenda kijijini, maana kukaa juu ya magunia yale kulikuwa kumeshanishinda. Nilitembea labda nusu saa katika tope jeusi linalong'ang'ania viatu, nikaziona nyumba, moshi unatoka, watu wanatwanga. Nilipofika hapakuwa na mtu. Vinu vilikuwa na nafaka ndani, michi imelala chini. Nikaita hodi, nikaita kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kimya. Kuku peke yao.

Mwishowe akatoka bibi mmoja, mfupi, mkali, hana hata fimbo mkononi.

"Vijana wameisha," akasema. "Mlichukua wawili hapa. Karudi mmoja, naye hana vidole vya mguu. Kamwambie aliyekutuma."

"Mayu, mama yangu, sikutumwa na mtu. Mimi ni mchungaji tu, gari letu limezama."

"Mchungaji gani anavaa koti la kukamatia watu?"

Nikajitazama. Koti lile nalipenda. Ni zito, vifungo vyake nimevishona mwenyewe, na hapa Samuye watoto hulichezea mifuko. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali pengine watu wakiliona hukimbilia porini. Nikalivua, nikalikunja nikaliweka juu ya jiwe, nikasimama na shati kwenye manyunyu mpaka bibi aliporidhika. Akapiga kigelegele kifupi na watu wakaanza kutoka kwenye mtama, mmoja mmoja, wanacheka kwa aibu.

Nikalichukua koti kwapani, nao wakaleta ng'ombe wanne na minyororo. Yule kijana asiye na vidole ndiye aliyewaswaga, na wakati tunatembea kurudi kwenye lori aliniuliza nilikuwa kikosi gani. Nikamwambia. Akasema wao walikuwa nyuma yetu, mto waliuvuka siku tatu baada yetu, kwa daraja. "Sisi tulikuta daraja," akarudia. Ng'ombe walilitoa lori kwa mvuto mmoja. Tuliwapa chumvi, bibi akachagua gunia mwenyewe.

Kwa Mama Misana asiye yeye

Geita tuliingia siku ya saba. Athumani alikuwa na mali ya kushusha, akaniambia, "Padre, pumzika, kesho nitakupeleka." Hapo ningemsikiliza, mambo mengi yasingetokea. Lakini nilikuwa nimechoka uchovu ule wa mtu anayetaka jambo limalizike tu, na nilijijua, nikilala juu ya lile neno moja la Athumani nitaamka nimelikubali.

Kwenye kambi ya wachimbaji palikuwa na mlinzi, naye mtu wa keya wa zamani. Alipoona koti akapiga saluti, nami nikamwitikia kabla sijafikiri. Nikamuuliza Mama Misana.

"Yule wa pombe? Twende, afande padre."

Nikamkuta mama mnene, amefunga kilemba, anakoroga pombe kwenye pipa kwa mwiko mrefu. Sikuomba maji, sikuulizia habari za nyumbani, sikuuliza hata yeye ni mwenyeji wa wapi. Mtu wa umri wangu. Nikasimama mbele yake nikasema yote kwa mkupuo:

"Mama, nimekuja kwa habari ya mwanao Misana. Nimekuficha, nisamehe. Hakuzikwa. Maji yalimchukua, yeye na wenzake."

Alinitazama. Akatazama mlinzi, akatazama koti langu. Kisha akashika kichwa akaketi chini, na sauti aliyoitoa sitaisahau. Kumbe mwanawe, naye Misana, ameingia shimoni asubuhi ile, chini kabisa, na huko mgodini hakuna wanachokiogopa kama maji kuingia shimoni. Kabla sijaelewa nilichofanya, wanawake wa kambi nzima walikuwa wanakimbia kuelekea kwenye mdomo wa shimo, wengine na watoto mgongoni, wengine wanalia majina ya waume zao. Mlinzi anakimbia mbele. Mimi nachechemea nyuma nikipiga kelele kwamba si hivyo, si shimo hili, ni mto, ni Burma, ni zamani, na hakuna anayenisikia.

Wachimbaji wa zamu walipandishwa. Misana akatoka, kijana wa watu, taa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, kavu kabisa. Mama yake alimshikashika uso, mikono, akamgeuza mgongo kumtazama vizuri. Halafu akanigeukia mimi. Mwiko alikuwa bado nao. Alinipiga nao begani mara mbili, na sikuinua mkono kujikinga.

Misana ndiye aliyemshika mama yake asinipige ya tatu. "Mzee," akaniambia taratibu, "huo mto mimi siujui."

Msimamizi wao alikuja na maswali, Athumani akaja mbio akanitetea, nikaomba radhi kwa kila mtu, na yule mama akanipa pombe nikanywa, nyie msiowahi kuniona nikinywa mjue hivyo. Alikaa karibu nami. "Baba," akasema, "mwenzangu huyo unayemtafuta, mwambie polepole." Kisha akanywa na yeye.

Kwa Mama Misana

Athumani alinipeleka kesho yake. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka mgodini, kwa mguu wangu saa tatu, kupitia mashamba ya muhogo mpaka kwenye migomba. Mama Misana ni Mzinza, mwanamke mdogo wa umbo, nywele zote nyeupe, na kweli amekonda, mifupa ya mabega inaonekana. Anaishi kwenye mji wa marehemu mumewe pamoja na shemeji yake, Mzee Lukanda. Kiswahili anakijua kwa kuwauzia ndizi wachimbaji.

Nilitaka kuanza. Akanikatalia. "Umetoka mbali, Baba Mchungaji. Kula kwanza." Akaleta ndizi na samaki mkavu wa kuchemsha, na akakaa kunitazama nikila, anaangalia mikono yangu. Nilijua anachokiangalia. Aliamini ndiyo mikono iliyomlaza mwanawe.

Nilipomaliza akaingia ndani, akarudi na barua. Ilikuwa imehifadhiwa kwenye paa, imefungwa kwa kitambaa, imegeuka rangi kwa moshi. Hakuifungua. Aliishika mapajani akaisema yote kwa kichwa, neno kwa neno, mti mkubwa, kivuli, heshima, maneno ya Mungu, mpaka jina langu la chini. Hajui kusoma. Alisomewa na karani wa gulio, akamlipa asome tena, na tena, mpaka akaishika.

"Sasa niambie," akasema. "Ubavu gani?"

Athumani alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinitazama, akatazama chini. Mzee Lukanda alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaacha. Lile neno lilikuwa mdomoni mwangu, ndugu zangu. Kulia. Lilikuwa jepesi na mama alikuwa analingojea, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka jeshini.

"Mama Misana," nikasema, "hakulala ubavu wowote. Hatukumzika. Mashua ilipinduka mtoni, maji yakamchukua, hatukumpata. Hapakuwa na mti. Mimi sikuwepo hata pale ukingoni. Niliandika vile ili usiumie."

Aliigeuza barua mapajani. Kisha akauliza, "Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha."

"Alijua kuogelea. Baba yake alimfundisha ziwani."

"Walikuwa na mabuti, mama. Na mizigo mgongoni."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani atalia, hakulia. Aliponitazama tena macho yake yalikuwa makali.

"Miaka yote hii," akasema, "anakuja amelowa, anasimama pale mlangoni, na mimi namgombeza. Namwambia, nenda ukalale, umezikwa vizuri, padre ameandika. Namfukuza, Baba Mchungaji. Mwanangu mwenyewe. Kumbe yeye ndiye msema kweli, na mwongo ni wewe."

Nilisema ndiyo. Akainuka akaondoka kuelekea kwenye migomba, akatuacha tumekaa na barua juu ya kigoda.

Mzee Lukanda ndiye aliyenieleza. Kwao, mtu akichukuliwa na maji asionekane, hukatwa mgomba wenye urefu wake, ukavishwa nguo ya gome la mti, ukazikwa kwenye shamba la nyumbani mahali pake. Hapo mtu amepata pa kukaa. Wangelifanya jambo hilo mwezi uleule walioletewa habari, kama habari ingekuwa ya kweli. "Lakini aliyekwisha zikwa hazikwi mara ya pili," akasema. "Barua yako ilitufunga mikono."

Alasiri Mama Misana alirudi na panga. Alikuwa ameshauchagua mgomba. Akauliza kitu kimoja tu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayepima kitambaa.

"Alipoondoka hapa alikuwa mtoto, hajamaliza kukua. Alifika wapi?"

Hilo nililijua. Misana alirefuka jeshini, kila miezi michache suruali inapanda, wenzake wakimtania. Nikasimama, nikavua kofia, nikaonyesha hapa, juu kidogo ya sikio langu. Mama alinijia akanigusa pale sikioni kwa kidole, akakiacha kidole hapo. Alikuwa hajui kwamba mwanawe alikuwa mrefu. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, sioni haya kuliandika.

Mzee Lukanda alinipima kwa kamba kutoka unyayo mpaka pale kwenye kidole. Wakaukata mgomba kwa kipimo hicho, wakauvika, wakaulaza kwa ubavu wa kulia kama wanavyolazwa wanaume wa kwao. Nilijua wazee wa kanisa wakisikia watataka kunihoji. Nikasimama pembeni, kwa heshima, nikidhani yangu yamekwisha.

"Barua inasema ulisoma maneno," Mama Misana akaniambia. "Yasome."

Niliyasoma yote, ya maziko ya Kikristo, mwanzo mpaka mwisho, sikuruka hata mstari. Athumani alifukia udongo pamoja na Mzee Lukanda. Wanaotaka kunihoji ninapatikana nyumbani.

Kurudi

Asubuhi nilimuuliza Mama Misana alilalaje. Akasema amelala tu, hakuota kitu. Hakunishukuru, na sikutarajia. Alikuwa jikoni tangu kukicha, anafunga chakula cha njiani kwenye majani ya migomba: muhogo wa kuchemsha, ndizi za kuchoma, samaki wakavu. Mafungu yakawa mengi. Nikamwambia mama, inatosha, Samuye si mbali hivyo.

"Mashua ilikuwa na watu wangapi?" akauliza bila kugeuka.

"Saba."

"Na wale sita, mama zao uliwaandikia nini?"

Athumani, aliyekuwa anafunga mzigo, akaacha kufunga.

"Uliwaandikia mti," akasema Mama Misana. "Na kivuli."

"Ndiyo, mama."

Akafunga fungu la mwisho, akalikaza kamba, akanipandishia mzigo wote begani, bega lile lile lenye maumivu. "Basi hiki ni cha kwenda," akasema. "Cha kurudi nyumbani utapewa na wao."

Kahama lori lilisimama kwa fundi cherehani. Mmoja wa wale saba aliitwa Shabani, na mama yake anaishi mwendo wa saa mbili kutoka pale. Nilipokuwa nakwenda nililala siku nzima kwenye mkeka ule, cherehani inagonga, nami najua hivyo, na sikumwambia mtu. Safari hii nilimwambia Athumani aendelee na lori. Nikashuka, nikamuuliza fundi njia.